Shajara ya mradi: kupima uchakachuaji wa mafuta ya alizeti kwa mwanga, Singida

26 Mei

Alizeti ya mwaka huu imeanza kuingia mjini. Magunia yamepangwa nje ya mashine za kukamua, mashudu yanarundikana, na kando ya barabara ya kwenda Dodoma meza za vidumu vya mafuta zimerudi. Ndiyo maana tunaanza sasa. Huu ni msimu ambao mtu anaweza kusimama mbele ya mashine, akaona mbegu ikiingia na mafuta yakitoka, akakinga chupa yake akijua kilichomo. Mafuta yakishapita mikono miwili mitatu, uhakika huo haupo tena.

Tunachotaka ni kifaa cha bei ndogo, kinachotumia mwanga, cha kutambua mafuta ya alizeti yaliyochanganywa na mafuta ya mawese yaliyosafishwa kiwandani. Tuko mimi ninayefundisha fizikia, mwenzangu wa kemia, wanafunzi wa klabu ya sayansi, na mama mmoja mwenye mashine ndogo ya kukamua. Mama huyu ndiye aliyetusukuma. Alikuja shuleni kufuatilia maendeleo ya mwanawe, akanikuta nje ya maabara.

"Mwalimu," akasema baada ya salamu, "mteja akiona mafuta yameganda asubuhi ananiita mwizi. Sijawahi kuchanganya hata tone. Ninyi wenye maabara mnanisaidiaje?"

Nilimwambia, "Mama, tupe muda na tupe mafuta yako." Tangu hapo swali lake ndilo tunalopimia kila hatua. Kifaa cha kumnasa mchakachuaji tunakihitaji sana, lakini kifaa kitakachomsingizia mkamuaji mwaminifu ni afadhali kisiwepo.

Kuhusu kemia yenyewe: mafuta karibu yote ya kula yamejengwa kwa namna moja, gliseroli iliyoshika asidi tatu za mafuta. Kinachotofautisha ni asidi zipi. Kwa viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kati ya asilimia 48.3 na 74, na asidi ya palmitiki asilimia 5 hadi 7.6 tu. Olini ya mawese, yaani ile sehemu nyepesi inayotenganishwa na mawese ili ibaki majimaji, ina palmitiki asilimia 38 hadi 43.5 na linoleiki asilimia 10 hadi 13.5. Ni mafuta mawili yaliyo mbali sana, hata kama kwenye kidumu yanafanana kwa rangi. Tofauti hiyo inabadilisha namna mafuta yanavyopinda mwanga na namna yanavyoufyonza, na hapo ndipo tunapoingilia.

Niseme wazi pia kwamba olini ya mawese ni chakula halali. Inaliwa nchi nzima, na mafuta mengi tunayoagiza kutoka nje ni hayo. Kosa ni kumuuzia mtu olini kwa jina na bei ya alizeti. Anayeumia kwanza ni mnunuzi, kisha mkulima wa Iramba au Manyoni ambaye bei ya mbegu yake inashushwa na mafuta ambayo hayakutoka shambani kwake.

2 Juni

Leo tumekusanya mafuta ya rejea. Tulishinda kwenye mashine ya mama tukikinga mafuta ya mbegu aina ya Rekodi, ambayo wakulima wengi huku bado wanaitegemea, na baadaye ya Hysun 33 iliyoletwa na mkulima mwingine. Kabla ya kila mzigo tuliomba mashine izungushe mbegu mpya kwa muda ili mabaki ya mzigo uliotangulia yatoke. Mama hakupenda kupoteza mafuta hayo, lakini alikubali.

Chupa tulizotumia ni za kioo cha kahawia, zimejazwa hadi shingoni ili hewa isibaki, kisha zikafungwa kwa karatasi ya aluminiamu. Kwenye kila chupa tumeandika aina ya mbegu, kijiji, tarehe ya kukamua, na kama mbegu ilipashwa moto kabla. Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana mbegu iliyopashwa sana hutoa mafuta meusi zaidi na hayo humeza mwanga mwingi.

Olini tumenunua dukani, ya kufungwa na ya kupima kutoka kwenye pipa. Mwenzangu wa kemia ametengeneza michanganyiko kwa uzito: asilimia 5, 10, 20, 30 na 50.

9 Juni

Kifaa cha kwanza tulichoazima kinatoka kwa wafugaji nyuki. Singida ni mkoa wa asali, na wanaonunua asali kwa wingi huwa na kile kibomba cha mkononi cha kupimia maji yaliyomo: unaweka tone juu ya kioo cha mche, unafunga kifuniko, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia. Ndani unaona bluu juu, nyeupe chini, na mpaka kati yake umekaa kwenye namba. Kinachopimwa ni jinsi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye tone. Asali nzito hupinda zaidi, yenye maji hupinda kidogo.

Bahati ni kwamba mizani ya asali na mafuta ya kula inakutana. Kipima asali husoma kati ya 58 na 90 hivi kwenye kipimo cha sukari kiitwacho Briksi. Mafuta ya alizeti kwenye nyuzi 20 za Selsiasi hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.474 au 1.475, ambacho ni sawa na Briksi 74 kasoro kidogo. Olini, kwa joto hilohilo, iko karibu na 1.467, sawa na Briksi 70 na nusu. Tofauti ya alama tatu, kwenye kifaa ambacho mfanyabiashara wa asali tayari anacho mfukoni.

Wanafunzi walipanga chupa za michanganyiko bila kutazama maandishi, kwa kufuata namba ya kwenye kioo tu. Kuanzia asilimia 30 kwenda juu walizipanga sawasawa. Chini ya hapo walianza kubishana, na ubishi ni wa haki: asilimia 10 ya olini inashusha namba kwa theluthi moja ya alama, na mistari ya kifaa chenyewe imegawanywa kwa nusu alama.

15 Juni

Siku ya joto, na ninaomba msomaji avumilie hapa kwa sababu ndipo mkamuaji mwaminifu anaweza kuangamizwa na namba.

Tulichukua chupa moja ya alizeti halisi tukaipima alfajiri, saa nne, na saa nane mchana. Namba ilishuka kadiri jua lilivyopanda. Hesabu iko hivi. Kila nyuzi moja ya joto hupunguza kupinda kwa mwanga ndani ya mafuta kwa takriban 0.0004. Alama moja ya Briksi katika eneo hili ni kama 0.0025. Na umbali wote kati ya alizeti halisi na olini halisi ni kama 0.008. Kwa hiyo nyuzi 10 za joto, ambazo Singida ni tofauti ya asubuhi na mchana tu, zinaondoa 0.004, nusu ya umbali wote. Mtu akisawazisha kifaa chake asubuhi kisha akapima sokoni saa nane, alizeti safi kabisa inaweza kusomeka kama imechanganywa nusu kwa nusu.

Vipima asali vingi vimeandikwa kwamba vinajirekebisha kwa joto, na ni kweli vina kipande cha chuma ndani kinachosogeza mizani. Lakini kipande hicho kimetengenezwa kwa ajili ya maji ya sukari, na sukari nzito hubadilika kwa joto kama nusu tu ya jinsi mafuta yanavyobadilika. Kwa hiyo kinarekebisha sehemu, nyingine inabaki, na anayepima anadhani suala la joto limekwisha.

Jambo la pili limewashangaza wanafunzi: kinachotawala ni joto la kioo cha kifaa kuliko joto la chupa. Tone ni dogo mno, na likikaa juu ya kioo kwa nusu dakika linakuwa na joto la kioo. Ukishika kifaa kwenye kiganja muda mrefu, kiganja nacho kinaingia kwenye hesabu.

Utaratibu tuliokubaliana ni huu. Kifaa na chupa zote vinakaa pamoja kivulini kwa nusu saa. Tunapima alizeti halisi, halafu sampuli, halafu alizeti halisi tena, papo hapo. Zile namba mbili za alizeti halisi zikitofautiana, tunafuta yote na kuanza upya. Hatuandiki namba ya sampuli peke yake kamwe, tunaandika imekaa alama ngapi chini ya halisi.

Lakini halisi ipi? Rekodi na Hysun hazikusoma sawa. Inajulikana kwamba alizeti iliyojaza mbegu wakati wa joto kali huwa na asidi ya oleiki nyingi, nayo ni mojawapo ya asidi za mafuta, na linoleiki kidogo, na oleiki hupinda mwanga kidogo zaidi ya palmitiki lakini chini ya linoleiki. Zipo hata aina zilizofugwa kwa makusudi kuwa na oleiki asilimia 75 au zaidi, na mafuta yake kwenye kipima asali yangeshukiwa papo hapo. Kwa hiyo rejea yetu haiwezi kuwa chupa moja. Inabidi iwe kabati la chupa za wilaya na aina mbalimbali, na mipaka ya mashaka ichorwe nje ya zote.

23 Juni

Baridi imeingia. Leo asubuhi chupa za olini zilikuwa nzito na nyeupe chini, na chupa mbili za alizeti halisi za mama zilikuwa na ukungu. Hili ndilo jambo mama alilonilalamikia siku ile shuleni.

Huku kila mtu anajua kwamba mafuta yanayoganda ni mawese. Ni kweli nusu. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila kusafishwa yana nta inayotoka kwenye maganda ya mbegu. Viwandani huyapoza mafuta makusudi na kuichuja nta hiyo, lakini mashine ndogo haina hatua hiyo, hivyo baridi ya Juni inapokuja nta inajitokeza yenyewe ndani ya chupa. Mkamuaji anayeacha maganda mengi kwenye mbegu anapata ukungu zaidi. Hakuna alichochanganya.

Tulizitazama kwa karibu, chupa kwa chupa, gizani, kwa tochi ndogo ya leza iliyopitishwa ubavuni. Kwenye alizeti yenye nta, mstari wa leza ulionekana wote kuanzia upande mmoja hadi wa pili, mwembamba, na ndani yake vikielea vijiuzi vinavyometameta vikigeukageuka. Kwenye olini, mwanga ulipita juu bila tatizo, halafu ukaishia kwenye tabaka zito la chini kama umegonga ukuta. Tulipoziweka zote kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 30, olini ilirudi kuwa angavu kabisa. Ukungu wa nta ulikuwa bado upo.

Mama alikaa kitini akatazama yote mawili. Akaomba tumwandikie maelezo ya kuweka dukani, kwa lugha ya kawaida. Tumemwandikia: weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, tazama kinachobaki. Hatukumwandikia kwamba huo ni uthibitisho, kwa sababu mchanganyiko wa olini kidogo na alizeti yenye nta utaonyesha dalili zote mbili.

Kuanzia leo kila sampuli inapashwa hadi nyuzi 40 na kuchujwa kabla ya kipimo chochote cha mwanga. Ukungu hutawanya mwanga, na kihisi hakijui kutofautisha mwanga uliotawanywa na uliofyonzwa.

4 Julai

Sanduku limekamilika. Ni mbao nyembamba, ndani rangi nyeusi isiyong'aa, kifuniko kinachobana. Katikati kuna nafasi ya kijichupa cha kioo cha mraba chenye upana wa sentimita 1. Upande mmoja kuna taa ya LED ya nanomita 365 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), mwanga wa urujuanimno ambao jicho halioni ila mabaki yake ya zambarau. Upande wa pembe mraba, wala si mkabala, tumeweka kihisi cha AS7265x, kinachogawa mwanga katika njia 18, kila moja ikisoma rangi yake, kuanzia nanomita 410 hadi 940. Kinaunganishwa na bodi ya Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayopokea namba za kihisi, na kompyuta ya shule.

Kihisi kimewekwa kwenye pembe kwa sababu tunatafuta mwanga ambao mafuta yenyewe yanautoa baada ya kupigwa na urujuanimno, hatutaki ule wa taa. Baadhi ya kemikali hufyonza mwanga wa nguvu nyingi na kurudisha mwanga wa nguvu ndogo, wenye rangi nyingine. Klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, kwa mfano, hurudisha wekundu karibu na nanomita 680.

Kuhusu usalama, wanafunzi hawafungui kifuniko taa ikiwa imewaka, na wote wanavaa miwani ya plastiki ya polikaboneti inayozuia urujuanimno. Karatasi nyeupe za lebo tumezibandua, kwani zina dawa ya weupe inayowaka bluu kali chini ya taa hii na kuharibu kipimo.

11 Julai

Matokeo ya kwanza ya sanduku. Alizeti halisi inatoa mwanga hafifu uliotapakaa, na kijinundu kidogo cha wekundu kwenye 680, mabaki ya klorofili ya mbegu. Olini ya dukani haina wekundu huo kabisa. Udongo wa kupaushia unaotumika viwandani huondoa klorofili. Badala yake olini inatoa mwanga mwingi wa bluu na kijani, kati ya 460 na 510.

Nilitegemea bluu kiasi, kwa kuwa joto la kusafishia mafuta huzalisha kemikali zinazowaka hivyo. Lakini wingi wake, na hasa tabia yake, vilikuwa vya aina nyingine. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma namba aliita: "Mwalimu, inapungua." Tulikuwa tumeacha taa imewaka, na njia ya 485 ilikuwa ikishuka mbele ya macho yetu, kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, kisha ikatulia. Tulibadilisha kijichupa tukaweka olini mpya. Ikaanza juu tena, ikashuka tena. Alizeti halisi ilikaa karibu palepale muda wote.

13 Julai

Mwenzangu wa kemia alilala na swali akaamka na jibu: vitamini A.

Tangu kanuni za mwaka 2011, mafuta ya kula yanayotengenezwa viwandani Tanzania yanatakiwa kuongezwa vitamini A. Vitamini hiyo, katika umbo la retinili palmitati, hufyonza urujuanimno zaidi karibu na nanomita 325 na hurudisha mwanga wa kijani cha bluu. Taa yetu ya 365 inaigusa ukingoni tu, lakini inatosha. Na vitamini A huharibiwa na urujuanimno. Ndiyo maana mwanga ulikuwa unafifia: tulikuwa tunaiharibu huku tukiipima.

Ili kuwa na hakika tulinunua kidonge laini cha vitamini A famasi, tukakitoboa kwa sindano, tukatia tone dogo sana kwenye alizeti halisi ya mama. Sanduku likaonyesha kilekile: nundu ya 485 iliyopanda, mstari ulioshuka kwa mkunjo uleule. Bila tone, mstari tambarare.

Tafakari maana yake. Mkamuaji wa kijijini haongezi vitamini A. Mafuta yake ni ghafi. Anayechakachua kwa olini ya dukani anaingiza vitamini hiyo bila kujua, ndani ya kila kidumu. Alama iliyowekwa kwa ajili ya macho na afya ya watoto inaweza pia kutuambia mafuta yamepitia kiwandani. Na kinachotushawishi ni kule kufifia, maana rangi ya bluu peke yake inaweza kutoka kwa mafuta yaliyochacha, ila kufifia kwa mkunjo huo ni tabia ya vitamini.

Sasa tunasoma njia ya 485 kila baada ya sekunde 5 kwa dakika tano, na tunachoandika ni sehemu iliyopotea.

16 Julai

Mipaka ya kipimo cha vitamini A, tuiandike mapema kabla hatujakipenda mno.

Hakifai kwa alizeti iliyosafishwa kiwandani, kwani nayo kisheria inaongezwa vitamini. Kinafaa kwa mafuta yanayouzwa kama ya kukamua tu. Pia olini isiyoongezwa vitamini, iliyopita njia za panya, haitaonekana.

Na jua. Tuliweka mchanganyiko wa asilimia 30 kwenye chupa angavu juani, kama zinavyokaa mezani kando ya barabara, tukaupima siku chache baadaye. Alama ilikuwa imekwisha kabisa. Jua lilishafanya kazi ya taa yetu. Kwa hiyo sampuli za barabarani tutaomba za ndani, zilizokaa kivulini au kwenye dumu lisilopitisha mwanga, na kutokuona vitamini A hakutaandikwa kamwe kuwa ni ushahidi wa usafi.

20 Julai

Kaka anayekaanga chipsi karibu na stendi amesikia habari zetu, akaja kuuliza kama sanduku linatambua mafuta ya transfoma. Hayo ni mafuta ya madini, na mafuta ya madini yana kemikali za pete zinazowaka bluu kali chini ya urujuanimno, na hayafifii kama vitamini A, hivyo yangeonekana kuwa kitu kigeni. Njia ya uhakika zaidi ni nyingine: mafuta ya kula hufyonza infraredi, mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya wekundu, kwa nguvu kwenye namba ya wimbi 1743 (idadi ya mawimbi katika sentimita moja), alama ya kiungo cha gliseroli na asidi, na mafuta ya madini hayana kiungo hicho. Mwenzangu alimweleza pia kwamba mafuta ya kula hugeuka sabuni kwa magadi makali na ya madini hayageuki.

Swali lake lilinipeleka kwenye matukio ambayo wanafunzi wanapaswa kuyajua. Meknes, Moroko, mwaka 1959: mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na vilainishi vya injini za ndege, watu kama 10,000 wakapooza. Hispania, 1981: mafuta ya rapa yaliyotiwa kemikali ya anilini kwa matumizi ya viwanda yakauzwa kama mafuta ya kula, zaidi ya watu 20,000 wakaugua na mamia wakafa. Delhi, 1998: mafuta ya haradali yaliyoingiwa na mbegu za argemone, gugu lenye sumu. Kote huko wanunuzi waliamini jina walilotajiwa. Nimewasomea wanafunzi darasani, na kimya kilikuwa kirefu.

2 Agosti

Infraredi kwa kihisi chetu: tumeiacha. Karibu na nanomita 930 mafuta yote yana mfyonzo mdogo unaotokana na mtetemo wa kaboni na hidrojeni, na kwenye kijichupa cha sentimita 1 alizeti na olini hazitofautiani kwa kiwango kinachoaminika. Sehemu nzuri iko mbele zaidi, kati ya 1,600 na 2,200, ambapo vifungo maradufu vya linoleiki, yaani sehemu ambazo kaboni mbili zimeshikana mara mbili, vinajitokeza. Vihisi vya silikoni, kama chetu, havioni kitu baada ya 1,100 hivi. Vinavyoona huko vina bei ambayo shule haiwezi.

16 Agosti

Jaribio la kufichwa. Mwenzangu alitengeneza sampuli akazipa herufi, akafungia orodha kabatini. Nyingine zilikuwa alizeti safi ya vijiji tofauti, mojawapo ya zamani iliyoanza kuchacha, nyingine yenye ukungu wa nta. Nyingine zilikuwa michanganyiko, mmoja wao ukiwa umepigwa jua kwa makusudi. Wanafunzi walipima kwa njia mbili, kipima asali na sanduku, kisha wakaweka kila herufi kwenye mojawapo ya makundi matatu: inafanana na halisi, ina mashaka, inahitaji maabara.

Hakuna alizeti safi iliyopelekwa kwenye kundi la mwisho. Ile iliyochacha ilitoa bluu nyingi, ila mstari wake haukufifia, na kwenye kipima asali ilikaa pamoja na halisi, kwa hiyo waliiacha kwenye mashaka. Michanganyiko ya asilimia 30 na 50 ilinaswa na njia zote mbili. Ya asilimia 20 ilinaswa na sanduku, kipima asali kikiiweka ukingoni. Asilimia 10 ilionekana kwenye sanduku pale tu olini ilipokuwa mbichi na imetunzwa gizani. Ule uliopigwa jua, wa asilimia 20, ulipita kama safi kwenye sanduku, na kipima asali kikauweka kwenye mashaka.

Kwa mchakachuaji, kuchanganya asilimia 5 hakumlipi. Faida iko kwenye theluthi na nusu, na huko tunaona. Nimeridhika na hilo kwa sasa. Kinachonigusa zaidi ni ile chupa ya nta: kwa macho ya mteja ingehukumiwa, na vipimo vyote viwili viliitetea.

30 Agosti

Mkutano na wakamuaji wachache uani kwa mama. Mzee mmoja aliuliza tungefanya nini tukimkuta mtu amechanganya. Nilimjibu, "Mzee wangu, sisi hatumtaji mtu." Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na ushahidi unaosimama ni wa maabara inayochambua asidi za mafuta moja moja kwa kromatografia ya gesi. Palmitiki ikisomeka asilimia 15 kwenye mafuta yanayoitwa alizeti, hapo hakuna mjadala. Sanduku letu ni la kuchagua chupa zipi zistahili gharama hiyo.

Tumebadilisha maandishi ya fomu pia. Hakuna neno "yamechakachuliwa" popote. Imeandikwa "hayafanani na rejea ya wilaya hii, yapelekwe maabara". Mzee aliomba isomwe mara mbili.

Mwenzangu ameanza mazungumzo na wanasayansi wa chuo kuhusu kupima chupa zetu za rejea kwa mashine ya Raman. Mtawanyiko wa mwanga aliougundua C. V. Raman mwaka 1928 husoma vifungo maradufu moja kwa moja, kwenye namba ya wimbi 1656, na ukilinganisha kilele hicho na cha 1440 unapata picha ya jinsi mafuta yalivyo na vifungo hivyo. Mafuta ghafi huwaka sana chini ya leza ya kijani na kuficha kilele, kwa hiyo tumeomba leza ya nanomita 785.

13 Septemba

Kabati la rejea sasa lina chupa za Iramba, Manyoni, Ikungi na Mkalama, na tunatafuta za Kondoa na Hanang kabla msimu haujaisha. Tunahitaji hasa mafuta ya mbegu chotara mpya ambazo hatujui kiwango chake cha oleiki, kwani hizo ndizo zinaweza kusukuma mpaka wa kipima asali.

Mama ameanza kuweka chupa ndogo ya kila mzigo anaokamua, kioo cha kahawia, jina la mkulima na tarehe, kwenye sanduku la mbao chini ya kaunta. Mteja akileta malalamiko, chupa ya mzigo ule inatolewa na mafuta yote mawili, ya chupa hiyo na ya mteja, yanaletwa kwetu. Wakamuaji wengine wawili wameomba kufanya hivyo, na kazi ya wiki ijayo ni kuwatengenezea fomu na kuwafundisha kujaza chupa hadi shingoni.